Kukuza Aivi Fupi ya Majani ya Kukunjamana Katika Chungu

Aivi ni mmea utambaao wenye asili ya Ulaya na Asia ya Magharibi, na jina lake la kisayansi ni Hedera helix. Wengi wanaoufahamu wameuona ukiwa umefunika kuta za mawe, au ukining'inia kwenye vyungu vya veranda katika miji yenye baridi kama Limuru, Lushoto na Mbeya. Mwongozo huu hauhusu aivi ya ukutani, ambayo mashina yake hupanda mita nyingi. Unahusu aina fupi iitwayo Ivalace, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayomfaa zaidi mtu anayetaka mmea wa chungu wenye majani yasiyo ya kawaida na usiokua ovyo.

Jani la Ivalace lina ncha tano, ni la kijani kilichokolea, na uso wake hung'aa hata mahali penye mwanga hafifu. Kingo zake hazilali bapa, bali hupinda na kujikunja kwa mawimbi, hivi kwamba jani zima huonekana kama kitambaa kilichofumwa pindo kwa sindano. Majani huota karibu karibu, kila moja likiwa na upana wa sentimita tatu hadi tano, na mmea wenyewe hutoa matawi bila kulazimishwa. Tabia hiyo ya kujitolea matawi ina historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ilionekana aivi iliyochipua karibu kila kifundo cha shina, yaani mahali jani linapotokea, badala ya kurefuka kwa shina moja. Ikapewa jina Pittsburgh, na kuanzia hapo aivi za matawi mengi zikawa mimea ya kufugwa ndani ya nyumba. Ivalace ilijulikana baadaye, katika miaka ya 1950, huko huko Marekani. American Ivy Society, chama cha wapenzi wa aivi kilichoundwa mwaka 1973, huiweka katika kundi la aivi za majani ya kukunjamana, nayo Royal Horticultural Society ya Uingereza imeitunuku tuzo yake ya mimea bora ya bustani.

Jambo moja liongoze hatua zote zinazofuata. Aivi iliyo katika hali yake ya ujana, ambayo ndiyo hali tunayoitunza kwenye vyungu, haitoi maua. Uzuri wake wote uko kwenye jani, na afya yake yote husomeka kwenye jani changa lililo nchani mwa tawi. Majani ya zamani hueleza yaliyopita, kwa kuwa jani gumu la aivi huweza kubaki kijani kwa muda mrefu hata baada ya mizizi kuanza kuoza. Kwa hiyo kabla ya kumwagilia, kutia mbolea au kuhamisha chungu, anza kwa kutazama ncha.

Hatua ya kwanza: kuchagua mche

Katika vitalu vingi vya maua mimea huuzwa bila jina, na si rahisi kupata chungu kilichoandikwa Ivalace. Chagua kwa macho. Tafuta majani ya kijani kilichokolea yenye kingo zilizopinda, vifundo vilivyokaribiana, na matawi mengi yanayotoka chini ya mmea. Geuza majani kadhaa, hasa yale ya katikati ambako hewa haipiti vizuri, uangalie upande wa chini. Ukiona vumbi jeupe lililoshikana, utando mwembamba au vidoa vidogo vya rangi ya majivu, usiununue mmea huo hata ukipunguziwa bei, kwa sababu utaingiza nyumbani kwako utitiri, viumbe wadogo mno wanaofyonza majani.

Chungu kimoja cha dukani kwa kawaida huwa na vipandikizi vitano au zaidi vilivyopandwa pamoja ili kionekane kimejaa. Hilo si kosa, lakini hakikisha vyote viko hai kwa kuvuta taratibu kila shina. Shina lililokufa mizizi hung'oka bila upinzani.

Usipoipata Ivalace, zipo nyingine fupi zinazostahili kutunzwa. Erecta haitambai kabisa, husimama wima na kupanga majani yake katika safu mbili, moja kila upande wa shina, na hukua polepole sana. Duckfoot ina majani madogo yenye ncha butu. Spetchley ni miongoni mwa aivi zenye majani madogo kuliko zote. Matunzo yake hayatofautiani sana na haya ninayoyaeleza, isipokuwa Erecta haihitaji kukatwa sana.

Hatua ya pili: kuchagua mahali

Aivi ni mmea wa ubaridi. Hustawi vizuri katika joto la kati ya nyuzi 10 na 20 za Selsiasi, na huwa bora zaidi usiku unapopoa. Ndiyo maana Nairobi, Iringa, Kabale na Bukavu ni mahali pazuri pa kuikuza, ilhali Mombasa, Dar es Salaam na Unguja humchosha mkulima wake. Pwani joto la usiku halishuki vya kutosha, ukuaji hudorora, na utitiri huzaliana haraka. Chumba chenye kiyoyozi hupunguza joto lakini hukausha hewa, na hewa kavu ni adui mwingine wa aivi. Anayeishi pwani nisingemshauri aanze na mmea huu. Anayeishi Ulaya hana tatizo hilo, kwani Ivalace hustahimili hata jalidi ikiwa nje. Tatizo lake huja wakati wa kipupwe, pale chungu kinapowekwa juu ya kipasha joto cha chumba na majani yakakauka kingo.

Mwanga uwe mwingi lakini usiwe jua kali la mchana. Dirisha linalotazama mashariki hufaa karibu kila mahali, kwa kuwa jua la asubuhi halichomi. Wakazi wa karibu na Ikweta wakumbuke kwamba jua huhama: mwezi Juni hupita upande wa kaskazini na Desemba hupita upande wa kusini, hivyo dirisha la kusini lililokuwa na kivuli katikati ya mwaka huweza kuingiza jua kali mwishoni mwa mwaka. Miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya husema dirisha la kaskazini lina kivuli daima. Ushauri huo ukifuatwa Nairobi au Mbeya bila kufikiri, majani yataungua.

Jani changa litakuambia kama mahali panafaa. Likija pana, lenye unene mdogo, lisilojikunja vizuri, na umbali kati ya kifundo na kifundo ukaongezeka, mmea unatafuta mwanga. Likija dogo, la manjano, lenye kingo kavu, jua au joto limezidi.

Hatua ya tatu: chungu na udongo

Chukua chungu chenye tundu chini, kisichozidi upana wa fundo la mizizi kwa zaidi ya sentimita tatu. Chungu kikubwa kupita kiasi hubaki na udongo mbichi ambao mizizi haijaufikia, na hapo ndipo uozo unapoanzia. Kwenye maeneo ya ukungu na mvua nyingi napendelea chungu cha udongo wa kufinyangwa, kwa sababu kuta zake hupumua. Ndani ya nyumba yenye hewa kavu, chungu cha plastiki huhifadhi unyevu vizuri zaidi.

Udongo mwekundu wa nyanda za juu, hata ukiwa na rutuba, hushikamana ukiwekwa peke yake ndani ya chungu na kuinyima mizizi hewa. Changanya sehemu mbili za mboji iliyoiva vizuri au kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) iliyooshwa, sehemu moja ya udongo wa bustani uliochekechwa, na sehemu moja ya changarawe nyepesi za volkano. Kenya, changarawe hizo huchimbwa maeneo ya Longonot na huitwa pamisi. Pasipokuwa nazo tumia mchanga mnene wa mto, si ule laini wa kupigia lipu.

Aivi hupenda udongo usio na asidi nyingi, wa kipimo cha pH kati ya 6 na 7.5. Udongo uliotoka kwenye mashamba ya chai, au jirani yake, mara nyingi una asidi kupita kiwango hicho, maana chai yenyewe huhitaji asidi. Ukiutumia, ongeza kijiko kimoja cha chai cha chokaa ya kilimo kwa kila lita tano za mchanganyiko na uchanganye vizuri.

Hatua ya nne: kupanda

Mwagilia mche saa chache kabla ya kuutoa kwenye chungu chake cha awali. Mizizi ikiwa imejizungusha, ilegeze kwa vidole bila kuikata ovyo. Panda kwa kina kile kile ulichokuwa nacho, acha sentimita mbili kati ya udongo na mdomo wa chungu ili maji yasifurike, bonyeza kidogo, kisha mwagilia hadi maji yatoke chini. Uweke kivulini kwa wiki moja. Mbolea isubiri hadi chipukizi jipya litokee.

Hatua ya tano: kumwagilia

Hapa ndipo aivi nyingi zinapofia, na huuawa na maji mengi kuliko kiu. Ingiza kidole kwenye udongo. Sentimita mbili za juu zikiwa kavu, mwagilia kwa ukamilifu, kisha mwaga maji yaliyobaki kwenye kisahani baada ya nusu saa. Zikiwa na unyevu, ondoka. Ratiba ya siku maalumu haifai, kwa sababu chungu kilekile kinachohitaji maji kila baada ya siku tatu wakati wa ukame wa Februari huweza kukaa zaidi ya wiki bila kuhitaji tone katika ubaridi wa Julai. Njia ninayoiamini kuliko zote ni kukiinua chungu: mkono huzoea upesi uzito wa chungu chenye maji na wepesi wa chungu kikavu.

Mwagilia asubuhi na uelekeze maji kwenye udongo. Kunyauka kwa ncha ilhali udongo una maji si dalili ya kiu bali ya mizizi inayooza, na mtu anayeongeza maji katika hali hiyo huumalizia mmea.

Hatua ya sita: kuosha majani

Hatua hii miongozo mingi huipitia kwa sentensi moja, na kwa Ivalace ndiyo inayoamua kama mmea utadumu. Kingo zilizokunjwa, ambazo ndizo tunazozipenda, hukusanya vumbi na kuwapa utitiri maficho yasiyofikiwa na kitambaa wala dawa ya kupulizia. Utitiri ni viumbe wadogo mno wa jamaa ya buibui. Hukaa upande wa chini wa jani na kufyonza utomvu wa chembe zake, hadi uso wa jani ukaonyesha vidoa vingi vya rangi hafifu na kupoteza mng'ao. Hupenda joto na ukavu. Katika joto la nyuzi 27 yai huweza kufikia kuwa mdudu mzima ndani ya muda wa wiki moja hivi, na katika ubaridi muda huo hurefuka.

Kila wiki, au angalau kila wiki mbili, peleka chungu kwenye bomba au bafu. Funika udongo kwa mfuko wa plastiki na uufunge shingoni mwa mmea, ulaze mmea ubavu, kisha uoshe majani kwa maji ya nguvu ya wastani kutoka chini kwenda juu, ukigeuza mmea ili kila upande ufikiwe. Kamilisha kwa kuutikisa, na uuache mahali penye upepo mwepesi. Fanya kazi hii asubuhi, si jioni. Majani yanayolala na maji usiku kucha hukaribisha bakteria wa madoa, ambao nitawaeleza mbele, na faida ya kuondoa utitiri itakuwa imelipiwa kwa ugonjwa mwingine.

Wapo wanaoshauri kunyunyizia majani ukungu wa maji kila siku ili kuongeza unyevu wa hewa. Siukubali ushauri huo. Unyevu unaoongezwa hutoweka muda mfupi baadaye, wakati matone hubaki katika mikunjo ya majani. Ni afadhali kukusanya vyungu kadhaa pamoja, au kukiweka chungu juu ya sinia lenye kokoto na maji yasiyogusa kitako cha chungu.

Ili kugundua utitiri mapema, weka karatasi nyeupe chini ya tawi na uligonge mara chache. Vumbi likianza kutembea, hilo si vumbi. Tenga mmea huo, kata sehemu zilizoathirika zaidi, kisha geuza chungu kichwa chini, udongo ukiwa umefunikwa, na uchovye majani yote katika ndoo ya maji yenye sabuni laini kidogo ya maji. Suuza kwa maji safi baada ya dakika chache. Rudia kila baada ya siku tano hadi saba kwa muda wa wiki tatu, kwa kuwa sabuni huua wanaotembea lakini mayai mengi hunusurika na kuanguliwa baadaye. Anayeosha mara moja na kuridhika atawakuta tena.

Hatua ya saba: mbolea

Mpe mmea mbolea ya maji yenye uwiano sawa, kama NPK 20-20-20, kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kila baada ya wiki tatu au nne, na wakati tu ncha zinapokua. Naitrojeni nyingi hurefusha pingili na kuvuruga umbo fupi ulilolinunua. Kila baada ya miezi miwili pitisha maji mengi yasiyo na mbolea ili kuondoa chumvi zilizojikusanya.

Hatua ya nane: kupogoa

Usiuonee mmea huu huruma. Ivalace isiyokatwa hutoa mashina marefu yenye majani nchani na utupu chini, na utupu huo haujazwi kwa mbolea. Kata kwa mkasi mkali uliosafishwa kwa spiriti, nusu sentimita juu ya kifundo chenye jani, na chipukizi jipya litatokea hapo. Matawi marefu yafupishe kwa theluthi moja, na ncha za matawi mafupi zichume kwa vidole kila mwezi. Mmea uliochoka kabisa unaweza kukatwa hadi sentimita kumi juu ya udongo, mradi mizizi yake ni mizima.

Kuna ukataji wa aina nyingine usiopaswa kuahirishwa. Aivi ina tabia ya kubadilika ghafla katika tawi moja, na aina nyingi zinazouzwa zilianza kwa mabadiliko ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo, tawi la Ivalace huweza kuanza kutoa majani bapa ya kawaida. Likate tangu mwanzo wake, kwani mara nyingi tawi kama hilo hukua kwa nguvu kuliko mengine, na ukiliacha litautawala mmea. Kuwa na mazoea ya kuitazama kila ncha kutakusaidia kuliona mapema.

Anayependa kuupa mmea umbo anaweza kupinda waya mgumu kuwa duara, kuuchomeka kwenye chungu na kuyazungusha matawi humo. Majani yaliyokaribiana ya Ivalace huficha waya haraka kuliko aivi za majani makubwa.

Hatua ya tisa: kuongeza mimea kwa vipandikizi

Mashina uliyoyakata yana kazi. Chagua yaliyokomaa kiasi, yasiyo laini sana wala yasiyo magumu kama mti, na uyakate kuwa vipande vya sentimita nane hadi kumi vyenye vifundo viwili au vitatu. Ondoa majani ya kifundo cha chini, zamisha kifundo hicho katika mchanganyiko wa mchanga na kokopiti, na upange vipandikizi vitano au sita katika chungu kimoja. Vifunike kwa mfuko angavu wenye matundu na viwekwe mahali penye mwanga usio na jua. Kwa joto la nyuzi 18 hadi 21 mizizi hutokea kwa kawaida ndani ya wiki tatu hadi tano. Dawa ya kuchochea mizizi si lazima, maana shina changa la aivi lina vichipukizi vya mizizi tayari kwenye vifundo vyake. Usichukue kipandikizi kutoka kwenye tawi lenye majani bapa, wala kwenye mmea wenye madoa.

Madoa na kuoza

Madoa ya bakteria huanza yakiwa madogo, yenye majimaji, ya kijani cha mafuta, kisha hugeuka kahawia au meusi yakiwa na duara la manjano. Husababishwa na bakteria wa jenasi Xanthomonas, nao husambazwa na matone ya maji, mikono na mkasi. Ondoa majani yenye madoa, acha kuosha na kuyalowesha majani hadi machipukizi safi yatokee, tenganisha vyungu, na safisha mkasi baada ya kila mmea. Mizizi ikiwa ya kahawia, laini na yenye harufu, kata iliyooza, panda upya katika mchanganyiko mkavu kidogo, na chukua vipandikizi kutoka kwenye ncha zilizo nzima kama akiba.

Usalama, na mahali pa kutupa masalia

Utomvu wa aivi una kemikali iitwayo falkarinoli ambayo huwawasha baadhi ya watu na kuwatoa vipele. Vaa glavu na mikono mirefu unapopogoa. Majani na matunda yake ni sumu yakiliwa, hivyo chungu kikae mbali na watoto wadogo, mbwa, paka na mbuzi.

Mkulima wa aivi ana wajibu pia kwa jirani na kwa msitu. Katika jimbo la Oregon, Marekani, aivi ya Hedera helix iliyotoroka kwenye bustani ilivamia misitu kiasi kwamba uuzaji wake ulipigwa marufuku mwaka 2010. Kwetu tunao mfano wa karibu wa mmea mwingine: mhesi, mti ulioletwa Amani katika Usambara Mashariki, ulisambaa ndani ya msitu wa asili na kuchukua nafasi ya miti ya hapo. Ivalace hukua taratibu kuliko aivi ya kawaida, lakini tawi lililorudia umbo la kawaida halina upole huo, na kipande chenye kifundo kimoja kikiangukia udongo mbichi huweza kutoa mizizi. Kwa hiyo mmea ubaki ndani ya chungu, usiupande ardhini karibu na msitu au bonde la mto, na masalia ya kupogoa usiyatupe korongoni wala kuyatia mbichi kwenye shimo la mboji. Yatandaze juu ya bati au sakafu ya saruji kwenye jua hadi mashina yavunjike yakikunjwa, ndipo uyatie kwenye mboji.